Mgao wa Goziba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya wastaafu. Kama kila Jumatatu wamefika kabla hatujafungua na kupanga mstari ulionyooka kuliko wowote tunaouona hapa hospitalini wiki nzima. Wagonjwa wengine husukumana. Hawa hapana. Mwenye fimbo mbele, asiyeona vizuri ameshika bega la mwenzake. Nikichelewa kufungua dirisha wanakohoa wote kwa pamoja. Miaka yote hii naongoza idara ya dawa na bado kikohozi kile kinanitia adabu.

Mvua tangu alfajiri, viungo vinawauma wote. Kila mzee kanisimulia habari za goti lake kana kwamba ni mtoto aliyemshinda kulea. Nimecheka mpaka msaidizi wangu Jovina akanikanyaga mguu.

Sajini Kamugisha hakuja. Yeye anaishi Muleba, huku bara, na ndiye anayewachukulia dawa wenzake wanne walioko Goziba. Walitoka jeshini, wakaenda kisiwani kuvua, wakazeekea huko. Utaratibu niliukubali mwenyewe: wazee wasihangaike ziwani kila mwezi kwa ajili ya vidonge vya presha. Labda mvua imemzuia.

Nyumbani Kahororo. Deo kapika ndizi na maharage, chumvi kaisahau. Nimekula nikanyamaza. Mume anayepika hakosolewi.

Jumanne, 4 Machi

Sajini kaja leo. Saluti dirishani kama kawaida. Nimemwamkia, Kasinge waitu, kaitikia, kaniwekea kahawa ya kutafuna mezani. Mchangamfu. Kasema anataka tena ile dawa ya viungo ya Mutalemwa. Imekwisha. Na wazee wote kisiwani wanaisifu.

Nimemuuliza wote ni nani.

Kanieleza bila wasiwasi hata kidogo. Mutalemwa ndiye mwenye baridi yabisi, vidole vimepinda. Alipoanza ile dawa akaweza kushika nyavu tena. Wenzake watatu nao wanaumwa magoti na mabega. Basi Mutalemwa akamwaga vidonge vyote mezani, wakagawana sawasawa, kama walivyogawana posho vitani. Aliwaambia ni ya Jumapili tu, baada ya misa. Mzee Byabato akajibu kwamba maumivu hayangoji Jumapili.

Dawa ile ni kali. Inamezwa mara moja kwa wiki, na anayeimeza tunampima damu. Ikimezwa kila siku inachubua kinywa na utumbo, inazuia mwili kutengeneza damu. Inaua. Na mimi nilimpa Mutalemwa akiba kubwa kuliko kawaida ili asisafiri na boti mara kwa mara. Huruma yangu hiyo.

Sajini mwenyewe hakumeza. Eti mgao ni wa walioko kule kwenye kambi ya wavuvi. Nimemwambia aketi. Nadhani sura yangu ilimtosha, kaketi bila swali.

Simu ya zahanati ya Goziba imepatikana alasiri. Nesi kazunguka kambi nzima kwenye matope akawakuta wote wanne. Watatu wanatembea. Byabato ana vidonda mdomoni, uji haupiti. Ziwa limechafuka, boti hazitoki mpaka kesho.

Nimemweleza Mganga Mfawidhi yote, na sehemu yangu pia. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Jumatano, 5 Machi

Boti imefika bandari ya Kemondo mchana. Sajini alikuwa mwaloni tangu asubuhi, kakataa kukaa garini. Byabato kashuka amebebwa na Mutalemwa kwa vidole vile vile vilivyopinda. Wale wawili wengine nyuma, wamelowa, wameshika vifurushi vya nguo. Hakuna aliyewaambia waje na nguo. Wanajua maana ya kuitwa.

Damu za Mutalemwa na wale wawili si mbaya. Mmoja kakiri kwamba vidonge vilimtia kichefuchefu akavitupia samaki. Sijawahi kumpenda mtu asiyefuata masharti ya dawa kama nilivyompenda yule.

Byabato vibaya. Chembe nyeupe za damu zimeshuka sana. Figo zake za uzee zimeshindwa kuitoa ile dawa mwilini. Daktari kasema kwa huzuni kwamba mgao ndio uliowaokoa wengine, na Byabato angekuwa na umri wao pengine angepona nao.

Kuna sindano ya kuivunja nguvu dawa hiyo. Ghalani kwangu haipo. Haijawahi kuombwa na mtu hapa. Nimempigia Tausi, mfamasia niliyesoma naye, yuko Mwanza. Anayo. Ataipakia kwenye ndege ya asubuhi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeifuata uwanja wa ndege mwenyewe. Boksi dogo la barafu. Nimelipakata njia nzima, dereva ananicheka. Sindano ya kwanza imeingia kabla ya saa nne.

Mchana Mfawidhi kasema huu utaratibu wa mtu mmoja kuwachukulia wengine ufutwe. Nimekubali, ingawa mwenyewe ndiye niliyeuruhusu. Nikatoka nje kumpa Sajini habari hiyo. Alikuwa kwenye benchi la wodi, kofia magotini. Nimekwenda na hasira. Hasira ya mtu aliyeogopa, najua, lakini hasira.

Nimemwambia yeye na mgao wao karibu wamuue rafiki yake. Neno baya. Kalipokea bila kutikisika.

"Mama Famasi," kasema, "sisi hatuli peke yetu. Mwenzako anaumwa kama wewe, umeze anakutazama? Hapana, waitu."

Nikamjibu kwamba kile si chakula. Ni kitu kinachoua mtu kikishikwa na asiye mwenyewe. Akaigeuza kofia magotini.

"Kumbe ni silaha."

Nikasema ndiyo, ni kama silaha.

"Basi ungetuambia hivyo. Silaha hatugawani. Mtu na yake, hata nduguyo alie."

Karudi kuangalia mlango wa wodi. Nimesimama pale kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. Nilimweleza Mutalemwa kila kitu kuhusu dawa ile: siku, saa, maziwa, pombe, dalili za hatari. Hakuna nilichokosea katika maneno yale. Ila nilizungumza na mgonjwa mmoja, na pale dirishani hajawahi kusimama mgonjwa mmoja. Kila mmoja husimama na kikosi kizima.

Ijumaa, 7 Machi

Homa imempanda Byabato. Mwili hauna askari wa kupigana na vijidudu. Dawa za vijidudu kwenye mshipa. Nimepanda wodini mara nyingi mno, muuguzi kaniuliza kama nimehamishwa idara.

Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Homa bado. Wale watatu wamelala kwa binamu wa Sajini, Kagondo. Asubuhi wote wako kwenye benchi. Akina mama wa jirani wanawaletea ndizi na samaki wa kukaanga, na wazee wanagawana sawasawa, mpaka vichwa vya samaki. Nimekaa nao kidogo. Wamenipa na mimi fungu langu. Sikuwa na hamu lakini nimekula lote. Ningekataaje.

Vidole vya Mutalemwa vimeanza kuvimba tena kwa sababu dawa yake tumeisimamisha. Nimemuuliza kama anaumia. Kasema anastahili. Nimemkatalia kwa ukali, na maneno mengine nilikuwa najiambia mimi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikuweza kuimba. Deo kaimba kwa niaba yangu, kwa sauti ile yake isiyojua noti. Nikatoka kabla ya baraka nikaenda hospitali na gauni la kanisani.

Homa imeshuka.

Imeshuka kweli, si kidogo. Muuguzi wa zamu kasema mzee kaamka saa moja na kumwambia kwamba uji wa hospitali hata mbwa wa kambi wangeukataa. Nimemwomba arudie. Karudia. Sijasikia habari tamu kama hiyo mwaka huu.

Jumanne, 11 Machi

Chembe zinapanda! Maabara wameniletea majibu mikononi badala ya kuyatuma, maana walijua ninavyoyangoja. Figo nazo zinaanza kusikiliza.

Nikaingia ghalani, nikafunga mlango, nikaketi juu ya katoni za dripu nikalia. Si kwa huzuni. Sijui kulia kule kunaitwaje. Mwili ulikuwa umefungwa tangu Jumanne iliyopita, ukafunguka wote kwa mara moja. Jovina kabisha hodi, akasema atarudi. Mtoto ana akili.

Jioni nimekula sahani mbili. Deo kaweka chumvi.

Jumatatu, 17 Machi

Byabato karuhusiwa Jumamosi. Amekonda. Mdomo umepona kabisa na sasa hafungi domo.

Leo wastaafu tena. Mfawidhi bado alitaka utaratibu wa kuchukuliana dawa ufutwe. Mimi niliyekubali siku ile nimebadili mawazo: nimemwomba aniachie, na nimeupigania. Dawa za presha zitaendelea kwenda Goziba kwa mkono wa Sajini, maana boti ni boti na wazee ni wazee. Lakini zile kali, kila mtu atakuja mwenyewe au tutamfuata. Hatutampa akiba. Na hatutamweleza mmoja peke yake tena. Tutawaeleza wote anaokaa nao, kwa pamoja, wakiwa wameketi. Mfawidhi kauliza tutawaeleza nini. Nimemwambia asubiri asikie.

Kabla sijafungua dirisha Sajini kasimama mbele ya mstari. Hakuniomba ruhusa. Kawaambia wenzake kwa Kihaya kisha kwa Kiswahili kwamba hapa kuna dawa za posho na kuna dawa za silaha. Posho mle kama ndugu. Silaha kila mtu na yake, na asiyejua ni ipi amuulize Mama Famasi kabla hajaondoka. Kisha akaeleza habari ya Byabato yote, bila kumficha mtu, na Byabato mwenyewe amesimama pembeni anatikisa kichwa kukubali, na pale Sajini aliposahau vidonda vya mdomo akamkumbusha.

Halafu mmoja baada ya mwingine dirishani: "Mama, hii ni posho au silaha?" Ya presha, posho? Hapana baba, hiyo nayo ni yako peke yako. Ya sukari? Silaha. Ya kifua? Silaha. Ikafika mahali Jovina kasema karibu dawa zote za idara yetu ni silaha. Ni kweli. Kilichobaki cha posho ni maji ya chumvi na sukari.

Nimerudi nyumbani nimechoka kwa kucheka. Nimemsimulia Deo. Kasema nimefunzwa kazi na sajini. Nimemwambia nami niliwahi kumfunza yeye kuchemsha maji.

Jumatatu, 24 Machi

Daktari kaamua Mutalemwa anaweza kuanza tena dawa yake. Damu yake safi, vidole vibaya. Siku yake itakuwa Jumatatu, hapa kwetu, mbele ya macho yetu, mpaka tuzoeane tena. Nesi wa Goziba atasimamia baadaye.

Nilimtarajia peke yake. Wamekuja wote. Byabato na fimbo mpya, wale wawili, na Sajini kutoka Muleba. Wamepanda boti ya alfajiri na ziwa linavyochafuka mwezi huu, na hakuna hata mmoja mwingine mwenye dawa ya kuchukua leo. Nimemuuliza Sajini wamefuata nini. Kasema wamekuja kula naye.

Nimewapa viti kwenye chumba cha ushauri. Mutalemwa katikati. Nimeweka vidonge vyake kwenye kikombe kidogo, na glasi ya maji kando. Vidole vyake vimeshindwa kushika kikombe, kikayumba. Byabato akanyoosha mkono, kisha akaurudisha magotini, akauweka chini ya mkono wake mwingine. Wale wawili wakatazama sakafu. Nikamshikia kikombe mimi.

Kameza. Kanywa maji yote. Wakakaa naye mpaka mvua ilipopungua.