Mnazi wa Mama Yako

Matsangoni

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku tu wazima. Mikorosho imetoa maua, na bibi yako hakai nyumbani, kutwa yuko shambani.

Waniuliza, huko Nakuru wakikuuliza kwenu ni wapi, ujibu nini.

Mimi nilizaliwa visiwa vya kaskazini, tukahama nikiwa kijana. Mzee Kahindi, Mgiriama wa hapa, alitupa mahali pa kujenga na kulima. Nikapanda muhogo, kisha mnazi. Akaja mbio.

"Bwana we, wataka kunihamisha?"

"Kwa mche mmoja, mzee?"

"Muhogo ni wa kula, wang'oa waenda zako. Mnazi ni wa kukaa. Apandaye mnazi ameshika ardhi."

Nikaung'oa, nikijua kuwa siku yoyote twaweza kuambiwa tuondoke.

Mama yako alipozaliwa, Mzee Kahindi alikuja na jembe na mche wa mnazi.

"Mzee, mimi ni mgeni," nikamkumbusha.

"Wewe, ndiyo. Kwani nimekuletea wewe?" Akaanza kuchimba.

Basi wewe uwajibu kwamba kwenu ni Matsangoni, wala usisite. Mimi wakiniuliza, hufikiri kidogo kwanza.

Babu yako akupendaye