Udongo Nao Umezama

2 Machi

Profesa wangu,

Hujambo huko bwenini? Mimi mzima, ila goti linapiga kelele kila nikishuka shimoni. Tumelifukia tangi la zahanati: la plastiki, lita elfu tano, limelazwa, na juu yake mita tatu za ujazo za udongo. Tulipokuwa tunachimba, maji yalishaanza kuchuruzika shimoni, na mvua haiko mbali.

Siku zote huliacha tangi limejaa mpaka mvua ziishe. Aliyenifundisha kazi alifanya hivyo. Sababu hakusema, nami sikuuliza. Sasa muuguzi mkuu anataka nimwage maji yote, alipokee likiwa tupu na safi. Ulisema mnasoma habari za vitu kuelea. Nipigie hesabu: likiwa tupu, litatulia? Nikiboronga hapa, mji huu hakuna atakayeniita tena.

Baba yako

7 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti, likande kwa maji ya moto. Barua yako nimewasomea wenzangu wote chumbani, kwa maringo.

Kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Tangi lako limechukua nafasi ya maji tani tano. Mgandamizo wa maji huongezeka kwa kina, ndiyo maana tumbo la tangi husukumwa zaidi kuliko mgongo wake. Upande wa kushikilia tuna udongo, tani tano na robo, na tangi lenyewe, kilo mia na ushei. Udongo unashinda. Mwaga tu, Baba.

Binti yako, Profesa (leo jina nimelikubali)

11 Machi

Baba, shikamoo.

Usimwage! Kama umeshamwaga, jaza leo leo. Nilimwonyesha mwalimu hesabu nikitafuta sifa, akaandika kwa kalamu nyekundu: "Na udongo je, uko nje ya maji?"

Maji yakipanda mpaka juu, udongo nao umezama, na maji yanaubeba vilevile, ingawa ni chembe zake tu, maana mianya kati yake hujaa maji. Tani zangu tano na robo zinabaki tatu na kitu, na tangi linasukumwa kwa tano. Nimefukia kopo tupu lenye kifuniko kwenye ndoo ya mchanga, nikamimina maji polepole. Mchanga ulipolowa mpaka juu, kopo likatoa kichwa.

Matroni amekataa kunipa simu. Barua hii nampa dereva wa gari la mikate. Nisamehe.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Unakula? Unalala? Mimi na goti langu tupo.

Barua yako ya kwanza niliwasomea vibarua kwa sauti, nikamwaga maji siku hiyohiyo. Kisha mvua ikapiga siku mbili bila kupumua. Tarehe kumi na tatu asubuhi ua wa zahanati ulikuwa umevimba, tangi limepanda shubiri tatu, bomba limekatika. Muuguzi mkuu alilizunguka mara mbili, akaniuliza, "Fundi, hili nalo limekuja kujifungua?" Barua yako ya pili ilifika saa nane mchana.

Nilikasirika, sikufichi. Halafu nikamsomea muuguzi barua hiyo, nikaomba ndoo, mchanga na kopo, nikafanya kama ulivyofanya, yeye amesimama pale. Kopo likatoka. Akasema, "Rudia." Nikarudia mara tatu. Mwisho akasema, "Haya, lirudishe chini. Na huyo binti amwambie mwalimu wake ahsante." Kazi bado ni yangu.

Acha kuomba msamaha. Maji shimoni niliyaona kwa macho yangu, na mazoea ya miaka thelathini niliyaacha mwenyewe.

Tumelilaza upya, udongo ni uleule, na limejaa pomoni. Mvua zikiisha nitaweka bamba la zege juu yake, mita moja na nusu za ujazo. Kila mita moja ina tani mbili na nusu hivi, na ninajua sasa kwamba zege nalo litazama. Je, siku tangi likiwa tupu, litatulia?

Mwonyeshe mwalimu kwanza, ndipo unijibu. Usiharakishe. Tangi limejaa, linaweza kukusubiri.

Baba yako