Mikono Uliyokuwa Ukiiona Si ya Lemein

S.L.P. 318,
Noonkopir, Kitengela.
20 Agosti 2025

Mpendwa shemeji Katoo,

Supa sana kutoka kwetu sote. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia malori uwe umetulia. Kazi ya gereji kwenye baridi ya huko Saskatoon siwezi hata kuifikiria. Hapa Agosti imekuja na kibaridi kidogo na vumbi, na tayari tunalalamika. Nashipae yuko kidato cha pili, amenipita urefu. Mama yenu, Yeyo, yuko Kajiado, bado anatembea mwenyewe hadi kanisani, na anauliza kila mara kama huko unakula vizuri.

Utashangaa kuona karatasi siku hizi. Simu yangu ndiyo ndugu yako Lemein anarekodia shoo, na hushinda nayo. Nisingeweza kukuandikia maneno haya humo asiyaone. Purity, binti wa mchungaji wetu, anakuja chuoni huko wiki ijayo, nimemwomba akuletee mkononi.

Shemeji, najua huwa unatazama shoo yetu ya mtandaoni, Puliza Kaseti. Nakuona kwenye maoni, jina lako halipotei. Unakumbuka ilivyoanza, pale nyuma ya duka, Lemein akifufua zile TV game za zamani alizonunua kwa watu waliokuwa wanazitupa. Simu tuliifunga juu ya meza, ikitazama chini, ionyeshe mikono yake na pad ya kuchezea, na yeye anasimulia tu: nani alikuwa na kaseti gani Kajiado nzima, nani alilia aliposhindwa, mlivyokuwa mkipuliza kaseti za michezo ili zikubali, mpaka kizunguzungu. Watu walimpenda. Wengine waliandika kutoka Dar, wengine Dubai, kwamba akiongea wanajisikia wako nyumbani.

Januari alianza kuangusha skrubu. Halafu kidole gumba cha kulia kikawa kinacheza chenyewe mkono ukiwa umetulia. Alisema ni uchovu. Siku moja alirekodi ule mchezo wa vifaru vya vita mara tisa, na mara zote tisa akafa mapema, yeye ambaye angeucheza akiwa amefumba macho. Akaweka pad chini, akaniambia, "Mama Nashipae, hebu shika wewe. Mimi nitaongea."

Nilishika. Kwa miaka mingi nimecheza naye, si vibaya sana. Nilivaa jaketi lake, nikavuta mikono ya jaketi mpaka kwenye viganja. Tulisema ni mara moja. Lakini kila video uliyoiona tangu Februari, vidole ni vyangu. Yeye anakaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, anasimulia, na mkono wake ameukalia.

Sikupenda, shemeji. Sitajitetea, maana nilikubali. Aprili uliandika, "Mzee, vidole bado ni vilevile." Aliyasoma maneno hayo, akatoka, akasimama nyuma kwenye tangi la maji.

Mei nilimshinda nguvu tukaenda kwa daktari wa neva Nairobi. Alimwambia agonganishe vidole, atembee, ageuke. Alituambia ni Parkinson. Si ugonjwa wa wazee peke yao, alisema, hata mtu wa miaka arobaini na minne unaweza kumshika. Hauui haraka na hauponi. Kuna vidonge vya kuupunguza makali. Njiani kurudi, tulipofika Athi River, Lemein akaniapisha: nisimwambie Yeyo, na zaidi ya yote nisikuambie wewe.

Mtaani wakaanza kusema anakunywa. Mzee Githongo wa kanisa alikuja nyumbani kumshauri aache pombe, akafungua Biblia, na Lemein akamsikiliza mpaka mwisho na kumshukuru. Alipoondoka nilimwuliza kwa nini hakusema ukweli. Akasema, "Mlevi watu wanangoja abadilike. Mimi watakuwa wanangoja nini?"

Mwezi wa saba tulikamatwa. Mtazamaji mmoja, Omolo, aliweka picha mbili pamoja, ya mwaka jana na ya sasa. Kwenye hiyo mpya, jaketi lilikuwa limepanda na alama yangu ya kuungua kwa sufuria inaonekana chini ya kidole gumba. Aliandika, "Hiyo si mikono ya Lemein. Huyu jamaa ametuchezea miezi mingapi?" Wengine wakadakia. Wakamwita tapeli, wakasema hajawahi kucheza tangu mwanzo, ameajiri mtu. Shemeji, watu waliokuwa wanamwita ndugu. Wiki mbili hakuingia chumba cha nyuma. Kula alikula, lakini kama mtu anayetimiza amri.

Halafu Jumamosi moja saa tisa mchana akaniambia nifunge simu pale juu. Nilipochukua jaketi akasema, "Liache. Leo nakaa mimi."

Alienda moja kwa moja hewani, bila kurekodi kwanza. Aliweka mikono yote miwili mezani, ule wa kulia ukitetemeka mbele ya kila mtu, akasema, "Omolo amesema kweli. Mikono mliyoona ni ya mke wangu. Yangu ni hii. Niko na Parkinson. Nilikuwa naogopa, basi." Kisha akachukua pad akacheza vile vifaru. Alikufa. Akaanza tena, akafa. Watu wakawa wanaondoka, nikiona idadi inashuka. Hakusimama. Karibu dakika arobaini, maneno yakamwishia kabisa, unasikia tu vitufe. Mwishoni alivuka hatua ya kwanza. Hakushangilia. Alizima, akaomba chai.

Omolo aliomba msamaha. Mama mmoja wa Voi aliandika kwamba baba yake anao ugonjwa huo na wametazama pamoja. Nikadhani sasa tumevuka. Lakini kikombe hakijaisha alishtuka akasema, "Huko ni asubuhi. Katoo akiamka ataiona." Akaifuta video nzima. Ndiyo maana hukuiona.

Hilo ndilo linaloniumiza na ndilo limenifanya nivunje kiapo. Amewaambia watu elfu asiowajua, na wewe hawezi kukuambia. Nadhani ni kwa sababu baba yenu alipofariki yeye ndiye alikulea, na hajui kukaa mbele yako kama mtu wa kusaidiwa. Vidonge anameza siku anazotaka. Nikimkumbusha anatoka nje. Nimechoka kubeba jambo hili peke yangu, shemeji, na ninaogopa.

Sikuombi kitu cha kutuma. Mpigie. Mwambie Soila amekuandikia. Akikasirika, akasirike na mimi.

Nilipofika hapo nilikatizwa. Lemein ameingia sikumsikia, akauliza namwandikia nani. Sikuweza kudanganya tena. Alichukua kurasa zote akasoma akiwa amesimama mlangoni, na karatasi ilikuwa inapiga kelele mkononi mwake. Nilingoja aichane. Akanirudishia, akakaa kitandani. Kisha akasema, "Ongeza hapo. Mwambie asikimbilie ndege. Na asimwambie Yeyo. Jumapili tunaenda Kajiado, nitamwambia mwenyewe." Nimeuliza kama hilo la kupigiwa simu nilifute. Amesema niliache.

Nashipae anakusalimu, na mama yangu, na Mzee Githongo ambaye bado hajui. Msalimie mkeo Linda na umbusu mtoto. Enkai awafunike huko kwenye ugeni, awape afya tusiyoiona thamani yake mpaka ipungue.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama tuliozaliwa tumbo moja,

Soila