Kati ya Bi Machozi na Bi Ukaidi

Jumatatu, 3 Machi

Nimewaficha wote: mimi ni msomaji wa riwaya za mapenzi. Si mara mojamoja, si kwa utafiti — tangu ujana! Nilizifunika kwa magazeti, nikazipanga nyuma ya kamusi. Na wakati huohuo nilikuwa mhariri wa lugha, kalamu nyekundu mkononi, nikiwahimiza waandishi vijana wasome vitabu vyenye uzito. Uzito! Leo hata kikombe cha chai kinanishinda.

Daktari kaja. Moyo umechoka, kasema, tusiuchoshe. Sikumwuliza siku zilizobaki. Nilimwuliza kama naruhusiwa kusomewa. Ruksa, mzee, ila isiwe ya kukupandisha presha.

Basi nitasomewa mapenzi. Wa kuudhika na audhike.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia dada. Kanizidi umri lakini ndiye anayeniuguza. Tangu afanyiwe upasuaji wa macho anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nilidhani atashtuka.

"Zile za nyuma ya kamusi? Nimezimaliza zote, mdogo wangu. Ulidhani vumbi linajifuta lenyewe?"

Nguvu yangu inatosha kitabu kimoja. Viwili ni kujidanganya. Kwa hiyo lazima tuchague mwandishi, na wanaotufaa ni wawili, ambao dada kawabatiza mwenyewe. Bi Machozi: tajiri mrefu, msichana anazimia, mvua inanyesha kila wakiachana. Bi Ukaidi: watu wenye kazi zao, wanabishana, wanapendana huku wamenuniana.

Dada anamtaka Bi Machozi. Mtu akiingia kwenye mapenzi, anasema, alie mpaka leso ilowe. Mimi nimelia ya kutosha tangu nifiwe na mke wangu. Sina haja ya mvua ya kitabuni.

Tukapatana: ukurasa wa huyu, ukurasa wa yule. Nitakaposinzia, mwenye ukurasa kashindwa. Nilisinzia kabla tajiri wa Bi Machozi hajashuka garini.

"Mwizi! Umefumba macho makusudi!"

Nilifumba makusudi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu kapitia hapa akitoka kazini, tai shingoni. Katukuta katikati ya sura ya pili ya Bi Ukaidi, aliyeshinda. Baba, mtu wa hadhi yako? Wageni wakija watasema nini? Kaniletea maisha ya kiongozi fulani, kitabu kizito kama tofali.

Nikamwambia akiweke mlangoni, upepo unaubamiza sana ule mlango.

Dada kacheka mpaka kashika mbavu. Mwanangu hakucheka. Eti nimemlea kwa heshima, iweje namalizia kwa upuuzi. Nikamjibu: nyumba yangu, masikio yangu, na kufa nitakufa mimi.

Kaondoka kwa hasira. Hakufika mbali — nilikiona kivuli chake koridoni, kimesimama. Dada akapaza sauti kidogo. Baadaye kijana anasema alikuwa akitafuta chaja ya simu. Koridoni!

Jumamosi, 8 Machi

Pumzi fupi. Kurasa tatu tu. Yule fundi cherehani wa kitabuni, mwanamke, kamwambia bwana karani wa posta: shati lako limeniharibia siku, livue nilishone. Safi sana!

Jumapili, 9 Machi

Leo lazima niandike.

Dada kafika mahali fundi cherehani anasimulia mwisho wa mabishano yao: "Nikamposa mwenyewe, nikamwoa." Akasimama.

"Pamekosewa hapa. Mwanamke haoi, anaolewa. Mhariri alikuwa wapi?"

"Hata mtoto wa darasa la pili analijua hilo," akasema mwanangu, ambaye siku hizi anatafuta chaja akiwa amekaa kitini.

Mhariri alikuwa mimi. Toleo la kwanza la kitabu hiki lilipita mikononi mwangu. Nililifuta "nikamwoa", nikaandika "akanioa". Bi Ukaidi alinijia ofisini, binti mdogo wakati ule, akaniuliza: neno hili limekosa nini, mzee? Nikamwambia sarufi haina mjadala. Sasa kwenye toleo jipya kalirudisha neno lake. Hongera zake!

Dada alikwishaishika kalamu asahihishe. Nikamzuia mkono. Liache, liko sawa.

"Sawa wapi? Wewe si ndiye uliyemfuata wifi kwao mara tatu, baba yake akikutimua? Leo umesahau kuoa ni nini?"

Hadithi hiyo niliitunga mimi. Wanangu wamekulia ndani yake. Mwanangu aliisimulia hata kwenye mazishi ya mama yake, watu wakatikisa vichwa, wakanisifu ushujaa. Na mke wangu, aliyekuwa na moyo kuliko sisi sote, akazikwa kama mtu aliyekaa kwao akingoja kuchaguliwa. Nami nilikaa pale mbele. Nikapokea pole na sifa.

Hapana. Haiendi na mimi kaburini hiyo.

Nikawaambia. Sikwenda kwao hata mara moja, niliogopa. Ni yeye aliyekuja ofisini, akasimama mbele ya wapiga chapa wote, mashine zikanyamaza, akaniuliza kama nitamkubali.

Dada kaduwaa na kalamu yake. Mwanangu kahama kitini, kakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha: rudia, baba.

Nikarudia, kwa sauti yote niliyobakiza. Mimi sikuoa. Niliolewa.