Mwalimu Sila, Aliyekataa Kuhesabu Ng'ombe

Mwaka umezunguka, Baba Ruthu, tangu tulipokulaza kwenye udongo mwekundu nyuma ya shule yako hapa Mlali. Ruthu, binti yetu, ndiye anayeandika. Mimi nasema tu, maana mkono wangu umezoea mchi kuliko kalamu. Kesho tutayasoma haya shuleni kwako, mbele ya ndugu na jirani, mlango ukiwa umefungwa. Nimechoka, mume wangu. Nakwambia mapema ili usije ukasubiri maneno matamu.

Watu wanakukumbuka kwa hesabu zako. Ulianza na punje za mtama. Unawapangia watoto chini, hizi na zile zikijumlishwa zitakuwa ngapi, na kabla hawajajibu kuku wetu wameshakula jibu. Ndipo ukageukia mawe. Ulikuwa unayaokota njiani na kuyatia mfukoni, kanzu yako ikawa inaning'inia upande mmoja siku zote, na mfuko ukichanika nani anashona? Mimi. Hadi leo nikifagia nakuta mawe yako chini ya kitanda. Siyatupi.

Na Kiingereza chako. Ulikipata kwa wazungu wa misheni ulipokuwa kijana, ukakileta huku kwa furaha kama mtu aliyerudi safari na zawadi. Watoto wakawa wanakwenda kuchunga huku wakiimba salamu ya asubuhi kwa Kiingereza, wakiwasalimu mbuzi. Mama zao walinijia kisimani: mama Ruthu, huyu mumeo anawafundisha nini wanetu, mbona wanaongea na mbuzi? Nikawajibu mimi niulizeni habari za mlenda. Ulicheka sana nilipokusimulia, kisha ukaniamkia kwa lugha hiyo hiyo, nami nikakuitikia kwa Kigogo.

Hukuwa mkali. Mtoto akikosea ulisema tu, "Tuanze tena," ukakaa naye chini kwenye vumbi. Na mlianza tena na tena mpaka chakula changu kikapoa.

Lakini kosa lako la mwaka ule wa kwanza watu bado wanalisimulia. Uliwaambia watoto kila mmoja akifika nyumbani ahesabu ng'ombe wa baba yake zizini, na asubuhi alete idadi. Wewe, mtoto wa wafugaji, uliyelelewa juu ya ngozi ya ng'ombe! Ulijua vizuri kwamba kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Mtu anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao, na akikosekana mmoja anaona pengo lake. Ukianza kuwataja moja, mbili, tatu, unawaitia kifo. Sijui siku ile ulikuwa na nini. Nadhani hesabu zilikulevya.

Basi watoto wakahesabu. Haukupita muda ndama wa Mzee Malogo akafa. Mzee akaja na fimbo yake mpaka mlangoni, akawatoa wajukuu zake darasani, na wazee wengine wakafanya vivyo hivyo. Ukabaki na mawe yako. Hukubishana nao. Ulizunguka nyumba kwa nyumba, ukakaa na wazee, ukanywa kila ulichopewa, ukaahidi kwamba utafundisha kuhesabu kila kitu isipokuwa ng'ombe wa watu na watoto wa watu. Shule ikajaa tena. Tangu hapo hata mgeni akikuuliza una watoto wangapi, ulimjibu, "Wapo."

Halafu ikaja vita hii isiyokwisha. Wazungu wa misheni wakachukuliwa kwa kuwa ni Waingereza, na Wajerumani wakakataza Kiingereza kisisikike tena. Watoto wakisahau na kukuamkia kwa salamu ile, ulikuwa unatazama njiani kwanza ndipo unaitikia kwa kichwa. Ulianza kukonda wakati huo.

Siku walipokuja askari na karani wao kutafuta ng'ombe wa jeshi, nilikuwa napepeta mtama uani. Walishaambiwa kwamba mwalimu ni mtu wa hesabu. Karani alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alitaka uzunguke naye zizi kwa zizi, utaje idadi ya ng'ombe wa kila mzee, pamoja na wale ng'ombe waliopelekwa kwa marafiki vijiji vya mbali watunzwe huko, maana wewe mwenyeji unajua nani kampa nani. Ukikubali, habari ya Kiingereza chako itasahaulika na utabaki na shule yako. Ukikataa, utakwenda kubeba mizigo ya vita.

Nilikutazama. Nilitaka ukubali, nawe ulijua. Ruthu alikuwa ameishika kanzu yako upande ule wa mawe.

"Kuhesabu najua," ukasema. "Lakini niliwaahidi wazee kwamba ng'ombe wao sitawahesabu."

Karani akakuuliza, "Utakwenda kufa kwa ajili ya ng'ombe wa watu?"

"Siendi kufa. Nakwenda kubeba mizigo."

Wakaondoka na ng'ombe waliowakuta zizini, na wewe. Wale waliokuwa kwa marafiki hakuna aliyewataja, na maziwa yao ndiyo yaliyotutunza mwaka huu ambao mtama umeungua shambani. Wewe ulirudi mifupa mitupu, na kikohozi. Ulipoona huamki tena uliomba watoto waingie, mlango ufungwe, wakusalimu kwa salamu yao ya asubuhi. Walikusalimu kwa kunong'ona, ukawaitikia wote. Kesho yake tukakuzika.

Nilikukasirikia, Sila, na leo bado nakukasirikia kidogo. Ahadi ulimpa Mzee Malogo, upweke umeniachia mimi. Ninalima peke yangu, nageuka kukuonyesha mahali palipoota vizuri, kumbe nyuma yangu hakuna mtu. Ruthu ameacha kuandika. Nimemwambia aandike.

Baada yako wazazi hawakuleta watoto tena. Jumbe akasema nyumba isiyo na wanafunzi ataifanya ghala, akatupa muda hadi mvua zijazo. Ruthu akafungua mlango mwenyewe, akawa anamfundisha mdogo wake Kefa peke yake, ili mtu akipita asikie sauti. Watu walimcheka, msichana gani huyu anafundisha hesabu. Jioni alikuwa anarudi ananiambia, mama, leo tena hawakuja. Nami sikuwa na nguvu ya kumdanganya.

Juzi Mzee Malogo akaja na fimbo yake ile ile. Nikajua ndiyo mwisho. Kumbe nyuma yake wapo wajukuu zake, na nyuma yao watoto wa jirani. Akasimama mlangoni akamuuliza Ruthu atawafundisha nini. Ruthu akamwamkia shikamoo, akasema hesabu.

"Za nini?"

"Za mawe, babu."

Mzee akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, "Baba yako angetutaja, leo nisingekuwa na ng'ombe hata wa kumkamulia mtoto. Wafundishe hawa." Alipotoka akanikuta uani. Alikuwa amesikia kwamba tunaandika maneno ya kukukumbuka. Akaniomba tumwandike na yeye, upande wa ndugu.

Kwa hiyo wanaokukumbuka ni mimi mkeo Loisi, binti yako Ruthu, mwanao Kefa, dada yako Anyesi wa Kongwa, kaka yako Mzee Malogo, na watoto wa shule yako. Kesho watu watauliza shule ina watoto wangapi sasa. Ruthu anajua idadi, si binti yako huyu? Nimemkataza kuiandika.

Hatutakusahau, Baba Ruthu. Tupo.