Kitabu Chako cha Nyimbo, Dada Kunda

Dada Kunda,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila shikamoo utaninunia hata huko uliko.

Tangu tukuzike Nkoaranga simwamini mtu. Ulizoea kunitania, "Aika, wewe hata chai unainusa kwanza." Siku hizi nainusa mara mbili.

Kiti chako kimekaliwa. Mkuu mpya wa kitengo cha haki za binadamu ametoka nchi nyingine mwanachama wa jumuiya yetu, mwanamume mpole, viatu vinang'aa hata siku ya matope. Kila mtu kwake ni "ndugu yangu." Amebandua kalenda yako ya kanisa, na mezani kwako sasa kuna kompyuta kubwa ambayo bado hajajua kuiwasha bila mimi. Kila asubuhi ananiuliza habari za mama yangu, mtu ambaye hajawahi kumwona. Nikasema moyoni, huyu ana lake jambo.

Wiki ile ile ya kwanza akaniuliza majina ya mashahidi saba.

Wale wako, Dada. Wale waliochomewa nyumba na askari wa shamba la kahawa, serikali ilipoliuza shamba hilo kwa mwekezaji. Kwa vile bwana yule ana mashamba katika nchi tatu za jumuiya yetu, malalamiko yakaletwa kwetu, na wewe peke yako ukakubali kuyapokea wakati wakubwa wa juu walikuwa wanakohoa na kuangalia dirishani. Uliandika maelezo yao kwa mkono, kwenye nyumba walikohifadhiwa, na juu ya kila karatasi hukuweka jina, uliweka namba tu. Mimi niliyapiga chapa. Mkuu mpya anasema bila majina, kamati ya mawaziri itadai tumetunga. Ana hoja, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilimjibu sijui. Hukuwahi kuniambia. Lakini nilijua kitu kimoja ambacho hukukusudia nikijue. Jumapili moja nilisahau kitabu changu cha nyimbo, tukaimba wote kwenye chako. Pembeni mwa wimbo mmoja niliona herufi mbili za penseli na maneno "juu ya mfereji." Namba ya wimbo ule ndiyo niliyokuwa nimeipiga chapa Ijumaa iliyotangulia, juu ya maelezo ya shahidi. Ulifungua ukurasa mwingine haraka, na wimbo haujaisha. Iliniuma. Miaka yote ile nakuandikia barua zako, nakujua hadi unavyokasirika, bado ukanificha.

Halafu kitabu kikapotea. Hospitali kilikuwa karibu na mto wako, nilikiona kwa macho yangu. Ulipofariki, Mzee Lomnyaki, dereva wetu, ndiye aliyebeba begi lako kulipeleka nyumbani. Msibani nililifungua begi lile nikakuta kanga, miwani, na zile ndala zako za bluu. Kitabu hakuna.

Nikamshuku mzee. Wiki hiyo hiyo alionekana na simu ya mkononi, Dada, dereva! Hata wakubwa wengine pale ofisini bado wanasubiri foleni ya simu ya mezani. Nikaacha kumwamkia, mzee wa rika la baba yangu, anapita nageuza uso.

Sasa nikuambie nilichokifanya, ukasirike mara moja tuyamalize. Nilikwenda kwa Mkuu nikamwambia, "Mzee Lomnyaki amechukua kitabu cha nyimbo cha marehemu." Akacheka. "Vitabu vya nyimbo vimejaa kanisani, ndugu yangu." Kisha akaacha kucheka. Akayatazama maelezo ya mashahidi pale mezani, akazitazama zile namba juu yake, akanitazama mimi. Wewe ulificha mpaka kitandani hospitali, mimi nikaja kuimwaga siri kwa hasira yangu juu ya dereva.

Jumamosi yake akasema anakwenda Nkoaranga kumpa pole mama mkwe wako. Nikaomba lifti, eti nami nikasalimie. Akabeba sukari na blanketi zuri. Bibi akatupokea, akatupa ndizi za nyama, tukala. Ameng'oa kahawa ya upande wa chini anapanda nyanya, anasema wanunuzi binafsi wamemchosha, leo bei hii, kesho ile. Mkuu akasikiliza kwa upole wake, kisha akasema ofisi ingependa kubaki na kumbukumbu ndogo ya marehemu. Kwa mfano kile kitabu chake cha nyimbo.

Bibi akamshangaa. "Kitabu? Nimemlaza nacho. Mtu wa kwaya hapa kwetu haendi mikono mitupu. Mimi mwenyewe nilikitoa kwenye begi nikamwekea mikononi kabla hawajafunga sanduku. Hata mzee wangu amelala na chake."

Mkuu akageuka kutazama migomba, mahali ulipo, udongo bado haujashuka. Alitazama muda mrefu. Labda alikuwa anakuombea. Mimi sikuona midomo ikicheza.

Nilitoka nje. Mzee Lomnyaki alikuwa anafuta kioo cha gari. Nikamwamkia, nikamwambia anisamehe. "Marahaba," akasema. "Begi nilimkabidhi bibi likiwa limefungwa. Ungeuliza tu, binti." Simu alitumiwa na mwanawe wa Dar. Dada, niliona aibu hadi ya kupanda gari lake, nikasema nitashuka kwa miguu.

Hapo ndipo nilipokukasirikia wewe. Umezikwa na watu saba mikononi! Kamati inakaa, faili litafungwa, yule mwekezaji atapewa barua ya shukrani, na wale watu watabaki kuambiwa hawapo. Yote kwa sababu hukumwamini Aika wako. Nilikuwa nateremka kile kijia cha hospitali nakusema kwa sauti, wapitanjia wakanipisha.

Nilipofika kwenye mfereji nikajikuta naimba chinichini. Nikasimama. Kwa nini wimbo huu? Nikakumbuka. Zile Jumapili ulizonichukua eti kuwaona wagonjwa wa kanisa, mimi nikikungoja nje, kila tulipopita hapo kwenda nyumba ile ya juu, huu ndio uliouimba, kuanzia mferejini hadi mlangoni. Na kule kwenye kilima kingine ulikuwa na mwingine. Siku nilipoanzisha wimbo wangu ulinikata: "Hapa si huo, Aika. Huu ndio wa hapa." Nilidhani ni ukali wako wa kwaya, au unatafuta pumzi ya kupandia. Nilikaa chini kwenye majani nikalia kama mtoto.

Nilipofika chumbani kwangu Sekei nilifunga mlango, nikachukua kitabu changu, nikazikumbuka njia moja moja. Nyimbo saba, namba saba, nyumba saba. Sikuandika hata moja, na humu siandiki.

Nimewafikia wote kwa miguu. Nikawauliza wenyewe, maana wewe ungewauliza. Wanne hawataki, wana watoto. Mmoja amehama, ndugu zake hawakuniambia alikokwenda na nikawapenda kwa hilo. Wawili wamesema watasimama mbele ya mawaziri na kujitaja kwa vinywa vyao. Nikamwambia Mkuu kwamba orodha haipo, watu wapo, na watakaotaka watakuja wenyewe. Akauliza nimewapataje. Nikamwambia, kwa miguu.

Asubuhi iliyofuata hakuniuliza habari za mama.

Dada, nimebaki na swali moja, nawe ndiye ninayekushuku. Ulikuwa unanifundisha, au ulikuwa unaimba tu? Nikisema ulinifundisha, najipendelea. Nikisema uliimba tu, silali. Nimeamua uliniamini. Ni mara ya kwanza naamua kitu cha namna hiyo bila ushahidi, ungenicheka sana.

Jumamosi napanda tena Nkoaranga. Nitakusomea barua hii hapo migombani, halafu naitia motoni jikoni kwa Bibi, nisubiri hadi iwe majivu. Wawili wako nitawasindikiza mimi hadi mlango wa kamati. Wale wanne nitawabeba kichwani hadi nami nilazwe, na kitabu changu nimwachie Bibi au atakayekuwepo.

Lala, Dada Kunda. Njiani siimbi tena. Nitaimba Jumapili tu, kanisani, katikati ya watu wote, ambako hakuna atakayejua ni wimbo wa nani.

Mdogo wako,
Aika