Mwisho Niliomsomea Bibi

Kwa Ruwaida, binti wa ami yangu,

Salamu zikufikie huko Nairobi. Bibi yetu hajambo, ila miguu yamsumbua. Mkate wa sinia bado aupika mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Ile tamthilia ya Kikorea tuliyoianza pamoja, ya wasichana wawili waliotaka kufungua duka la kushona, tumeimaliza juzi baada ya alasiri. Siku hizi mimi ndiye ninayemsomea Bibi yale maandishi ya chini kwa Kiswahili, na kazi yangu haimpendezi. Asema, "Tangu Ruwaida aondoke, hawa wasichana hawana maneno." Kumbe nusu ya maneno yao ulikuwa ukiyatunga wewe! Sikukusemea.

Cherehani yetu mimi na wewe nimeifunika shuka. Watu walikuona harusini Mtwapa mwezi uliopita, na huku kwetu hukufika. Hilo pia sikumwambia Bibi.

Basi, mwisho wa tamthilia, yule aliyehamia mjini harudi. Mwenziwe afunga duka, apakua chakula, akaa kula peke yake. Mimi nikamsomea Bibi kwamba rafikiye amepiga simu, yu njiani, amebeba zawadi, na sasa hivi atabisha hodi. Nilitia maneno mengi, kama wewe.

Bibi alitazama mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupita. Kisha akanishika mkono.

"Mbona sahani aliyotenga ni moja, mjukuu wangu?"

Ni mimi, niliyebaki Mambrui,
Zeina